Binti wa Loresho na Nyasi za Ulaya

1. Ulaya mbili

Msafiri atokaye Kilosa kwenda Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro, hupita mahali paitwapo Ulaya. Ni nchi ya wakulima. Mvua za masika zinyeshapo, nyasi huota upesi zikafika kifuani mwa mtu, na mbuzi akiingia ndani yake haonekani, ila hutambulikana kwa kutikisika kwa majani. Mtoto wa huko akiwa safarini akaulizwa kwao ni wapi, akajibu, "Kwetu ni Ulaya," mgeni asiyeijua Kilosa aweza kucheka akidhani anafanyiwa mzaha.

Ulaya ya pili ni bara lile lililo kaskazini ya Afrika, ng'ambo ya bahari ya Mediterania. Huko nako kuna nyasi, na ziko nyasi zilizo mashuhuri katika dunia nzima, ingawa ni fupi mno. Ziko Wimbledon, katika mji wa London. Wakati wa mashindano hukatwa zikabaki na urefu wa milimita 8 tu, kadiri ya unene wa penseli. Juu ya nyasi hizo mashindano ya tenisi yalianza mwaka 1877, na hata leo yangali yakifanywa.

Habari ya somo hili ni ya msichana wa Afrika ya Mashariki aliyesafiri mpaka kwenye nyasi hizo fupi katika kiangazi cha mwaka 2022. Lakini kabla ya kusimulia safari yake, yafaa kwanza kuujua mchezo wenyewe.

2. Mchezo wa tenisi

Tenisi huchezwa na watu wawili, mmoja upande huu wa wavu na mmoja upande wa pili. Au huchezwa na watu wanne, wawili kila upande. Kila mchezaji hushika raketi, nayo ni chombo chenye mpini na uso uliosukwa kwa nyuzi. Huupiga mpira ili upite juu ya wavu na kuanguka ndani ya mistari ya mpinzani. Mpira ukinaswa na wavu, au ukianguka nje, au ukidunda mara mbili kabla ya kupigwa, aliyekosa hupoteza alama.

Urefu wa uwanja ni mita 23.77. Upana wake kwa wachezaji wanne ni mita 10.97, na kwa wawili hupunguzwa ukawa mita 8.23. Kimo cha wavu pale katikati ni sentimita 91. Mpira nao una uzito wa gramu 56 hata 59, karibu sawa na yai la kuku.

Hesabu ya mchezo huu humshangaza mwanafunzi aisikiapo mara ya kwanza. Alama ya kwanza huitwa 15, ya pili huitwa 30, ya tatu huitwa 40, na ya nne huleta ushindi wa gemu moja. Wote wakifika 40, hapana budi mmoja azidi kwa alama mbili mfululizo. Mtu akipata gemu 6, naye amemzidi mwenzake kwa gemu 2 au zaidi, amepata seti. Katika mashindano ya wasichana wachezao wawili wawili, wenye kupata seti 2 ndio washindi. Kila upande ukipata seti moja, huchezwa hesabu fupi ya mwisho: watakaotangulia kufika alama 10 ndio washindi, mradi wamewazidi wenzao kwa alama 2.

Jambo la kushika katika hesabu hii ni moja. Seti ikiisha, gemu zake hazipelekwi katika seti ifuatayo. Pande zote mbili huanza tena na sifuri, kama kwamba lile lililopita halikuwako. Msomaji na alikumbuke neno hili, maana litamfaa mbele.

3. Mchezaji wa ridhaa

Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kuupenda mchezo, asiyelipwa mshahara wala zawadi ya fedha. Zamani mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya watu wa namna hiyo. Mwaka 1957 Althea Gibson wa Marekani alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon katika mchezo wa mmoja mmoja, naye hakupata fedha kwa ushindi ule. Ilikuwa mwaka 1968 ndipo mashindano hayo yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa.

Mwaka huo huo lilitokea jambo la kukumbukwa mjini New York. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi, alikuwa luteni wa jeshi na mchezaji wa ridhaa. Aliingia katika mashindano makubwa ya nchi yake, akashinda mpaka akafika fainali, na huko akamshinda Tom Okker wa Uholanzi. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 14,000. Lakini Ashe hakuweza kuichukua, kwa sababu alikuwa wa ridhaa. Fedha zikaenda kwa Okker. Basi aliyeshinda alirudi na sifa, na aliyeshindwa alirudi na fedha. Mwaka 1970 Ashe alizuru Afrika, akacheza mbele ya watu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1975 naye akashinda Wimbledon, akiwa mwanamume mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika mchezo wa mmoja mmoja.

Siku hizi wachezaji wakubwa hulipwa fedha nyingi. Lakini katika mashindano makubwa ya vijana wasiozidi miaka 18, desturi ya kale ingaliko. Kijana ashindaye hupewa kikombe na jina lake huandikwa, wala hapati hata senti moja. Nauli haina budi kutoka mahali pengine. Kwa mtoto wa tajiri hilo si neno. Kwa mtoto wa maskini ni mlima mrefu kuupanda.

4. Malezi ya Angella

Angella Okutoyi alizaliwa Kenya tarehe 29 Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki dunia wakati wa kuzaliwa kwao. Bibi yao akawatwaa wale wachanga wawili, akawalea huko Loresho, mjini Nairobi. Hakuwa na mali. Alikuwa na mikono yake na moyo wa subira. Kulea mtoto mmoja asiye na mama ni kazi, na kulea wawili wa siku moja ni kazi mara mbili.

Katika shule ya msingi ya Loresho watoto walikuwa wakifundishwa tenisi, naye Angella alishika raketi angali mdogo sana. Wengi huanza mchezo kwa furaha, na siku ya kuchoka wakauacha. Yeye hakuuacha. Alipozidi kuonyesha uhodari, alipelekwa Bujumbura, katika nchi ya Burundi, kwenye kituo cha chama cha tenisi cha dunia kilichowafundisha vijana wa Afrika. Fikiri juu ya mtoto wa umri wa shule ya msingi aliyeiacha nyumba ya bibi yake, akakaa katika nchi ya wageni, akalala na kuamka kwa saa za kengele, na kila siku akapiga mpira uleule katika mistari ileile. Hata baadaye alijifunza tena katika nchi za Afrika ya Kaskazini.

Mwezi wa Januari mwaka 2022, alipokuwa akikaribia kutimiza miaka 18, alicheza Melbourne, Australia, katika mashindano ya vijana. Hapo alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika yale mashindano manne yaliyo makubwa kupita yote duniani, upande wa vijana. Alishinda michezo miwili, akashindwa katika wa tatu. Watu wa Nairobi waliopata habari walifurahi, lakini wachache walidhani kwamba mwaka uleule ungeleta jambo kubwa zaidi.

5. Kiangazi cha huko

Miezi ya Juni na Julai katika Kilosa ni wakati wa kipupwe. Masika yamekwisha, asubuhi ni baridi, na wazee huota moto. Huko Ulaya ya kaskazini mambo ni kinyume. Dunia imeinama, na miezi hiyo upande wake wa kaskazini huelekea jua, hata katika London jua huchwa baada ya saa 3 usiku. Ndicho kiangazi chao, na ndio wakati wa michezo ya nje.

Mashindano hufuatana kama mabehewa ya gari moshi. Kwanza ni ya Paris, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, ambapo uwanja hufunikwa kwa unga mwekundu wa matofali yaliyosagwa. Mpira ukianguka juu ya unga huo hupunguza mwendo na kuruka juu. Majuma matatu baadaye huanza ya Wimbledon, juu ya nyasi. Huko mpira huteleza, huja upesi, na huruka chini chini. Mchezaji ambaye jana alikuwa akisimama wima kuungojea mpira, leo hana budi kupiga magoti. Kwa Mwafrika kazi huzidi, maana katika Afrika ya Mashariki viwanja vingi vya tenisi ni vya udongo au vya sakafu ngumu, na wa nyasi ni adimu.

Wimbledon ina desturi zake. Wachezaji wote sharti wavae nguo nyeupe. Mvua ikinyesha, nyasi hufunikwa upesi kwa turubai, na wachezaji hungoja. Uwanja mkubwa kuliko vyote umewekewa paa la kufungua na kufunga tangu mwaka 2009. Watu wengi wa London na wa mbali hufanya siku hiyo kuwa siku ya matembezi: wengine huja usiku na mahema yao, wakalala bustanini kwa kufuata mstari, ili asubuhi wapate kununua tikiti. Wakiisha kuingia, hununua matunda mekundu yaitwayo stroberi, wakayala pamoja na malai ya maziwa. Kwao ni siku ya kupumzika, bali kwa mchezaji ni siku ya hukumu.

6. Siku ya fainali

Angella aliingia katika mashindano ya wasichana wawili wawili, na mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Tazama jambo hili: mmoja ametoka karibu na ikweta, na mwenzake ametoka katika nchi iliyo tambarare kando ya bahari ya kaskazini. Katika mchezo wa wawili, uhodari wa mmoja hautoshi. Kila mmoja sharti ajue ni mpira upi ulio wake na upi ulio wa mwenzake, wala asimkunjie uso mwenzake akikosa. Wasichana hao wawili walishinda siku baada ya siku, hata mwezi wa Julai wakafika fainali.

Wapinzani wao walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko, wote wawili wa Kanada. Seti ya kwanza Wakanada walishinda gemu 6 kwa 3. Walikuwa wamewazidi kabisa. Ikabaki seti moja tu, na kama wangeipata hiyo nayo, habari ingaliishia pale.

Seti ya pili ilianza na sifuri kwa sifuri. Angella na Rose Marie hawakuweza kuifuta seti iliyopotea, wala hawakuwa na haja ya kuifuta. Walicheza gemu moja, kisha nyingine, wakapata 6 kwa 4. Sasa kila upande ulikuwa na seti moja, ikabidi kucheza ile hesabu fupi ya mwisho.

Mwisho wa hesabu hiyo ulikuwa 11 kwa 9. Mwanafunzi na asimame hapa kidogo, akatumie akili yake. Sheria yasema kwamba afikaye 10 hushinda, mradi amezidi kwa alama 2. Ikiwa mwisho ni 11 kwa 9, basi kabla yake ilikuwa 10 kwa 9. Na kabla ya hapo? Haikuweza kuwa 10 kwa 8, maana mchezo ungalikwisha. Basi ilikuwa 9 kwa 9. Miaka yote ya kujifunza, Loresho na Bujumbura, na machozi yote ya bibi na mjukuu walipoagana, yalifika mahali hapo pembamba: pande mbili sawasawa, na alama mbili tu za kutenga. Upande ambao ungezipata mbili mfululizo ndio ungetwaa kikombe. Angella na Rose Marie wakaipata moja. Kisha wakaipata ya pili.

Hivyo Angella Okutoyi, mwenye umri wa miaka 18, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika yale mashindano manne makubwa. Hakuja nyumbani na fedha ya ushindi, maana ilikuwa ni mashindano ya vijana. Alikuja na kikombe, na jina jema kwa bibi aliyemlea.

Iko na hesabu nyingine. Katika seti zile mbili, Angella na mwenzake walishinda gemu 3 na gemu 6, jumla 9. Wakanada walishinda gemu 6 na gemu 4, jumla 10. Basi katika seti hizo walioshindwa walikuwa na gemu nyingi kuliko walioshinda! Mtu aliyehesabu makosa ya Angella tangu mwanzo angalisema kwamba yamemlemea. Lakini mchezo haukuuliza nani alikosa mara nyingi zaidi asubuhi. Uliuliza nani alikuwa tayari ilipofika alama ya mwisho.

7. Habari ya aliyeshindwa

Wasomaji wengi wakisikia habari ya mshindi humsahau aliyeshindwa. Somo hili halitafanya hivyo.

Siku ile ya fainali, Victoria Mboko alikuwa na miaka 15. Wazazi wake walitoka katika nchi ya Kongo, wakahamia Marekani ya Kaskazini. Aliondoka Wimbledon bila kikombe, akiwa amepungukiwa na alama mbili tu. Lakini aliendelea kucheza. Mwezi wa Agosti mwaka 2025, katika mji wa Montreal, alifika fainali ya mashindano makubwa ya wanawake wa Kanada, akapambana na Naomi Osaka wa Japani, mwanamke aliyekwisha kushinda mashindano manne yaliyo makubwa kuliko yote. Seti ya kwanza Mboko alipata gemu 2 tu, Osaka akapata 6. Watu waliomjua wangaliweza kukumbuka ile siku ya Wimbledon. Lakini Mboko alishinda seti ya pili 6 kwa 4, na ya tatu 6 kwa 1, akatwaa kikombe mbele ya watu wa nchi yake, akiwa na miaka 18.

Jambo lile ambalo mwaka 2022 wengine walimtendea yeye, yaani kupoteza mwanzo na kushinda mwisho, mwaka 2025 yeye mwenyewe alilitenda. Wazee wetu husema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Maana yake si kwamba mtu apende kushindwa. Maana yake ni kwamba aingiaye uwanjani sharti awe tayari kurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake arudi tena uwanjani.

Naye Angella hakubaki akikitazama kikombe chake. Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Auburn, huku akikichezea chuo hicho. Na mwezi wa Machi mwaka 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanywa Accra, Ghana, alipata nishani ya dhahabu ya wanawake, mmoja mmoja.

8. Nyasi za kwetu

Sasa na turudi katika Ulaya ya Kilosa, ambako nyasi humficha mbuzi. Mwanafunzi wa huko aweza kusema, "Habari hii ni njema, lakini sisi hatuna Wimbledon." Ni kweli. Lakini Kilosa ni nchi ya mkonge, na kamba ya katani iliyofungwa kwa nguzo mbili, kwa kimo cha kiuno cha mtu, ni wavu wa kutosha kwa mtu wa kuanza. Uwanja wa wachezaji wanne ni kama hatua ndefu 24 kwa hatua 11. Jembe na fyekeo huutengeneza kwa siku moja au mbili. Kibao kilichochongwa vizuri hupiga mpira. Na asiyepata mwenzake wa kucheza naye, ukuta hauchoki kuurudisha mpira.

Huenda katika watoto elfu wachezao hivyo hatapatikana hata mmoja wa kwenda London. Lakini wote elfu watajifunza kuhesabu kwa haki, hata pasipo mwamuzi. Kukiri kwamba mpira ulianguka nje, hata ikiwa mpinzani hakuuona. Na kutomkunjia uso mwenzao aliyekosa. Watajua pia kwamba mtihani mmoja ulioharibika, au mwaka mmoja wa mavuno mabaya, ni kama seti ya kwanza iliyopotea. Haifutiki, lakini seti ifuatayo huanza na sifuri kwa sifuri.

Maswali

1. Kwa nini mwezi wa Juni ni baridi Kilosa, na ni wakati wa joto London?
2. Eleza tofauti ya mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Arthur Ashe alikosa nini mwaka 1968, na kwa sababu gani?
3. Mpira hufanyaje juu ya unga wa matofali, na hufanyaje juu ya nyasi fupi?
4. Mchezo wa mwisho ukiisha kwa alama 13 kwa 11, pande mbili zilikuwa sawa kwa alama ngapi kabla ya mwisho? Onyesha njia ya hesabu yako.
5. Pimeni uwanja wa tenisi wa wachezaji wanne katika kiwanja cha shule. Ni mita ngapi za mraba?
6. "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Andika habari ya mtu unayemjua, aliyeshindwa mara ya kwanza na asikate tamaa.